Wadau wa Nyanda za Juu Kusini, tujifunze kulisoma jibu la Waziri

Wadau, habari za asubuhi. Mimi ni mwenyeji wa Mbeya, shughuli zangu ziko Mwanjelwa, ila kwetu hasa ni kule juu kwenye safu ya Uporoto, ambako Julai ukiamka alfajiri unakuta majani yamekuwa meupe kwa baridi. Uzi huu nimeuwaza muda mrefu na wenyewe ni mrefu. Mwenye haraka auhifadhi asome jioni.

Kijijini kwetu kuna boma la zahanati, yaani jengo ambalo halijakamilika. Tulilianza wenyewe mwaka 2018. Mkutano mkuu wa kijiji uliamua kila kaya itoe mchango na siku za kazi. Tofali tulifyatua na kuchoma wenyewe, mchanga kina mama waliupandisha kichwani kutoka mtoni, mafundi walikuwa vijana wetu. Boma likafika lenta. Hapo nguvu zikaisha, tukaambiwa tusubiri Serikali imalizie.

Mvua za kwetu mnazijua. Ukipita leo utakuta kozi mbili za juu, upande unaopigwa na upepo, zimelainika; ukizigusa kwa kidole unatoka na unga mwekundu. Ndani ya chumba ambacho kwenye ramani ni cha kujifungulia umeota mparachichi, nadhani kutokana na kokwa iliyotupwa na mafundi, na sasa unanifika kifuani. Mwaka 2019 shemeji yangu alishikwa na uchungu usiku. Pikipiki ikaanza safari ya kuteremka kwenda kituo cha afya, utelezi ukaikatalia njiani, na akajifungulia pale pale kando ya barabara, kina mama wa nyumba za jirani wamemzungushia khanga na mmoja amemulika kwa simu. Namshukuru Mungu, mtoto yu hai. Sasa yuko darasa la kwanza, na kila asubuhi akienda shule anapita mbele ya lile boma.

Sasa nije kwenye hoja. Katika kikao kimoja cha Bunge la bajeti, mbunge wetu alisimama kuuliza swali. Tulikuwa watu wanane dukani kwangu, tumeinamia simu moja. Aliuliza ni lini Serikali itakamilisha maboma ya zahanati yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi jimboni. Naibu Waziri akasimama: "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo." Akasema Serikali inatambua na kuthamini nguvu za wananchi, na itaendelea kutenga fedha za kukamilisha maboma kadri ya upatikanaji wa fedha. Mbunge akainuka tena, akashukuru kwa majibu mazuri ya Serikali, akauliza swali la nyongeza: je, Naibu Waziri yuko tayari kuongozana naye baada ya Bunge kwenda kuyaona maboma hayo? Naibu Waziri akajibu kwamba yuko tayari.

Dukani tukapiga makofi. Mzee mmoja, fundi cherehani wa jirani, hakupiga. Alisubiri tumalize, akauliza, "Kwani amesema lini?"

Tukanyamaza wote. Swali lilikuwa "ni lini", na ndani ya jibu hapakuwa na lini. Hapakuwa na jina la kijiji chetu pia, wala la kijiji chochote.

Kesho yake nilimpigia katibu wa mbunge. Sikwenda kulalamika, nilitaka kuelewa. Aliniambia jambo ambalo limenikaa moyoni mpaka leo: kwenye orodha yao ya maboma, kijiji chetu kimeandikwa jina tu. Mwaka tulioanza haupo, hatua tuliyofikia haipo, wananchi tumeweka kiasi gani haipo. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuandika. Miaka yote hiyo tunalalamika vijiweni, na karatasi moja haijatoka kijijini kwenda kwa mtu anayetakiwa kutusemea.

Ndiyo maana naleta uzi huu. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na kazi ya kwanza inayotajwa pale ni mbunge kumwuliza Waziri yeyote swali lolote la mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Maana yake Waziri kusimama na kujibu ni wajibu wa Kikatiba, na anachokisema kinaingia kwenye Taarifa Rasmi za Majadiliano, yaani Hansadi, ambayo mwananchi yeyote anaweza kuipakua kwenye tovuti ya Bunge bila kulipa. Jibu la Waziri ni maandishi ya Serikali. Tukilisoma vizuri tunajua tumepewa nini na tumenyimwa nini.

Nimekaa siku kadhaa kusoma majibu ya zamani, hasa ya mikoa yetu. Maneno ni yale yale, na kila neno lina uzito wake. Chukueni barabara. Waziri akisema "Serikali ipo kwenye upembuzi yakinifu", hapo bado wanapima kama barabara inafaa kujengwa na kwa gharama gani. "Usanifu wa kina" ni hatua inayofuata, michoro kamili inatengenezwa. Akisema "usanifu umekamilika, Serikali inatafuta fedha", kazi ya wataalamu imekwisha ila hakuna shilingi iliyotengwa, na hapo ndipo barabara nyingi zinalala miaka. Kisha zabuni inatangazwa, kisha mkataba unasainiwa, kisha utasikia "mkandarasi yupo saiti", na mwisho kabisa asilimia za utekelezaji. Mbunge mwenye kumbukumbu akisimama mwaka huu anajua mwaka jana waliishia hatua gani. Asiye na kumbukumbu anaanza upya, na Waziri naye anaanza naye upya.

"Kadri ya upatikanaji wa fedha" haisemi kiasi, haisemi mwaka wa fedha, haisemi halmashauri ipi. Lilinganisheni na jibu la namna hii: "Katika mwaka wa fedha huu Serikali imetenga shilingi milioni 50 kukamilisha zahanati ya kijiji fulani." Milioni 50 ndicho kiwango ambacho tumezoea kukisikia kwa zahanati moja. Jibu kama hilo unaweza kulibeba mkononi mpaka ofisi ya mkurugenzi ukauliza fedha imeingia au haijaingia. Lile la kwanza utalibebea nini?

Kuhusu swali la nyongeza nina neno, na nalisema kwa heshima zote. Mwuliza swali la msingi anapata nafasi mbili za nyongeza. Ndizo dhahabu zenyewe, kwa sababu swali la msingi Waziri amelipata mapema na jibu ameandaliwa na wataalamu wake, bali la nyongeza linamkuta pale pale amesimama. Kumwomba Waziri aje kutembea jimboni kunafaa, lakini si kwa nafasi ile. Nafasi ile ni ya kuuliza: fedha iko kwenye kifungu gani, mwaka upi, kijiji kipi?

Karibuni tuchangie.

*

Dereva wa Tunduma: Mkuu, umenigusa kwenye barabara. Sisi wa malori tunaijua Igawa hadi Tunduma kwa kila kona. Habari ya njia nne tumeisikia bungeni miaka na miaka, mbunge mmoja baada ya mwingine anasimama. Msongamano wa Uyole mpaka Mbalizi unakula nusu siku, na ule mteremko wa Iwambi umeondoka na ndugu zetu wengi. Kipande cha kwanza, Nsalaga kwenda Ifisi na Uwanja wa Songwe, kilomita 29, ndicho tulichoona mitambo inaingia. Sasa kwa maelezo yako, kile kelele za wabunge zilisaidia au kingekuja tu?

Mwanzisha uzi: Kaka yangu, pole na barabara. Sitakudanganya kwamba swali moja limeleta greda. Ila ukizifuata Hansadi utaona jinsi jibu lilivyokuwa linabadilika, kutoka upembuzi kwenda usanifu, kutoka usanifu kwenda kutafuta fedha, mpaka kipande cha kilomita 29 kikatengwa peke yake na kupewa mkandarasi. Swali lililorudi kila mwaka lilizuia barabara isisahaulike kwenye kabati. Na mkumbuke barabara hiyo ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, anayejibu ni Waziri wa Ujenzi. Barabara ya kutoka shambani kwako kwenda lami ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017, na hiyo inajibiwa na TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Nimeona watu wa kwetu wakimlaumu Waziri wa Ujenzi kwa daraja la mtaa ambalo haliko kabisa kwenye mafungu yake.

*

Mwalimu Mufindi: Kamwene wote. Nami niseme kinyume kidogo. Ndugu, unatupa matumaini makubwa mno. Bunge la 12 lilikuwa na wapinzani wachache kuliko wanafunzi wa darasa moja, mbunge akimbana sana Waziri ni wa chama chake mwenyewe. Atafika wapi? Wanaulizana, wanapongezana, wanakwenda kunywa chai.

Mwanzisha uzi: Kamwene Mwalimu. Hoja yako ni nzito na siikwepi. Bunge lenye sauti za pande nyingi linabana zaidi, nami nalitamani. Lakini nikurudishe Februari 2008. Mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond ulichunguzwa na Kamati Teule ya Bunge, na mwenyekiti wake alikuwa Dkt. Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela, mtu wa huku huku kwetu. Alikuwa CCM. Waziri Mkuu, hayati Edward Lowassa, alikuwa CCM. Wabunge wengi ukumbini walikuwa CCM. Taarifa ikasomwa mbele ya Spika Samuel Sitta, nchi nzima inasikiliza redioni, na Waziri Mkuu akajiuzulu pamoja na mawaziri wawili. Mimi nilikuwa kijana, nakumbuka stendi ya Mbeya makondakta waliacha kuita abiria wakasogea kwenye redio ya muuza kahawa. Kilichombana Waziri Mkuu siku ile ni nyaraka zenye tarehe na saini. Hilo ndilo ninaloliomba hapa, hata kama ni kwa zahanati moja ya kijijini.

Na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tusiongee kama watu wa mbali na kiti cha Spika. Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Iringa aliliongoza Bunge tangu 1962, akatoka miaka miwili kati ya 1973 na 1975, akarudi hadi 1994. Mama Anne Makinda, mbunge wa Njombe Kusini, ndiye mwanamke wa kwanza kuwa Spika. Dkt. Tulia Ackson alichaguliwa kuwa Spika Februari 2022 akiwa mbunge wa Mbeya Mjini. Maspika watatu kutoka milima hii, halafu vijiji vyetu vinashindwa kuandika barua ya ukurasa mmoja. Inaniuma, Mwalimu.

*

Mkulima wa Igurusi: Salaam. Huku Mbarali sisi ni mpunga na mahindi. Nataka kujua habari ya mbolea. Ruzuku ya msimu wa 2022/23 ilitusaidia, mfuko uliokuwa umepita laki moja ukashuka hadi 70,000, sikatai. Ila wakala alikuwa mbali, nimelala foleni siku mbili, nikalipa nauli ya mfuko kwenda na kurudi. Hilo lilifika bungeni?

Mwanzisha uzi: Lilifika, tena wabunge wa mikoa mingi ya kilimo walilisemea: mawakala wachache, umbali, usajili wa wakulima. Ndiyo hoja ya kusogeza mbolea kupitia AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, ikapata nguvu. Na bajeti ya kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya trilioni moja mwaka 2024/25. Kwa hiyo swali lako la sasa lisiwe "mbolea iko wapi". Andika: kata yetu ina wakulima wangapi waliosajiliwa, wakala wa karibu yuko kilomita ngapi, msimu uliopita mbolea ilifika tarehe ngapi na mvua ya kupandia ilianza tarehe ngapi. Mpe mbunge tarehe hizo mbili tu, ya mbolea na ya mvua. Waziri hawezi kuzijibu kwa "Serikali inaendelea".

*

Mama wa Soko Matola: Ndugu zangu, mimi sijasoma sana lakini nafuatilia Bunge, zamani kwenye redio, siku hizi kwenye simu ya mwanangu. Mwaka 2016 TBC, televisheni ya taifa, walipoacha kurusha Bunge moja kwa moja nilihisi kama nimezibwa masikio. Nauliza: hivi "kushika shilingi" ni nini? Nasikia wanasema "nitashika shilingi ya Waziri", kisha dakika mbili baadaye "narudisha shilingi".

Mwanzisha uzi: Shikamoo mama. Swali lako ni zuri kuliko yote humu. Wakati wa bajeti, baada ya Waziri kuwasilisha na wabunge kuchangia, Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia fungu moja moja. Wakifika kwenye mshahara wa Waziri, mbunge anaruhusiwa kuuliza jambo la kisera, na asiporidhika anatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara huo. Ni shilingi moja kweli, ila ni alama kwamba Bunge halijaridhika, na wabunge wengine wanaweza kuiunga mkono, mjadala ukawa mkali mpaka Waziri akatoa ahadi bayana. Akitoa ahadi, mbunge anairudisha. Ubaya ni pale inaporudishwa kwa ahadi isiyo na mwaka wala kiasi. Na muda ukiisha vifungu vilivyobaki vinapitishwa kwa mkupuo, kwa hiyo mbunge aliyejiandaa vizuri huwahi mapema. Usisahau pia Alhamisi asubuhi, nusu saa ya maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Hayo ni ya sera ya nchi nzima, na Waziri Mkuu hapewi kabla.

Mama wa Soko Matola: Ndaga fijo mwanangu. Sasa nimeelewa. Lakini mbona na nyie msiulize kwanza diwani wenu? Dodoma ni mbali.

Mwanzisha uzi: Mama, umesema kweli, na nilipaswa kuanza nalo. Zahanati iko chini ya halmashauri. Diwani anakaa kwenye Baraza la Madiwani kila robo mwaka, na mbunge naye ni mjumbe wa baraza hilo hilo. Sehemu ya mapato ya ndani inatakiwa kwenda kwenye maendeleo, na upo Mfuko wa Jimbo wa kuchochea miradi kama hii, ambao mwenyekiti wake ni mbunge. Mabati ya boma moja yanaweza kutoka huko bila mtu kwenda Dodoma. Ila dawa, mganga, muuguzi na nyumba ya mtumishi, hayo ni mafungu ya juu. Jengo bila muuguzi ni ghala.

*

Mwalimu Mufindi: Narudi. Hilo la muuguzi nakubaliana nalo mia kwa mia. Kijiji jirani na shule yangu wana jengo zuri, limepigwa rangi, mhudumu mmoja. Akienda kufuata mshahara mjini, mlango unafungwa. Basi mimi nitawasaidia wanakijiji kuandika. Nipe mfano wa barua.

Mwanzisha uzi: Mwalimu, Mungu akubariki. Mfano siuweki kama fomu, maana kila kijiji kina habari yake. Hakikisha tu barua imetoka kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, siyo kichwani mwa mtu mmoja, ili isije ikaitwa ya kisiasa. Iseme huduma ya karibu iko kilomita ngapi na njia inakuwaje wakati wa masika. Iseme wananchi wameweka nini, kwa hesabu. Na iishie na swali moja tu. Moja, Mwalimu. Maswali matano kwenye barua moja yanapata jibu moja la jumla.

*

MREJESHO (mwanzisha uzi)

Wadau, Jumamosi nilipanda kijijini. Mwenyekiti aliitisha mkutano chini ya ule mti wa ofisi ya kijiji, ukungu umetanda, watu wamejifunga mablanketi. Nilisoma jibu la Naibu Waziri neno kwa neno kutoka kwenye Hansadi. Nilipofika "kadri ya upatikanaji wa fedha" wazee wakaomba nirudie. Nikarudia. Kisha kila mmoja akataja alichotoa, mtendaji anaandika. Tofali, trekta mbili za mawe, siku za kazi. Bibi mmoja akasimama kusema alitoa jogoo akauzwa kununua misumari ya fomu, na akataka iandikwe. Ikaandikwa.

Swali tulilokubaliana ni hili: je, ni kiasi gani kimetengwa katika bajeti ya mwaka wa fedha unaokuja kwa ajili ya kukamilisha boma la zahanati la kijiji chetu, kwa jina? Muhtasari umesainiwa na kugongwa muhuri. Nakala moja kwa diwani, moja kwa mtendaji wa kata, moja kwa mkurugenzi, moja kwa katibu wa mbunge. Katibu amepokea na kujibu siku hiyo hiyo, anataka picha za boma nje na ndani zenye tarehe.

Kesho napanda na gari ya kwanza nikapige picha kabla mvua haijaanza. Vijana walitaka kuung'oa ule mparachichi leo ili pawe pasafi. Tumekubaliana uachwe kwanza, uonekane kwenye picha na urefu wake, halafu ndiyo tuung'oe.